Risasi Tatu, Tundu Moja

Mume wangu Reino alifia sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, siku ya Jumamosi, uchi kama alivyozaliwa, na neno lake la mwisho duniani halikuwa jina langu. Aliyamwagia maji mawe ya moto, akasema, “Theluji ikiyeyuka wataona,” akaegemea ukuta, basi, kimya. Mtu umemfulia, umempikia, umemzalia, umemfumia soksi mpaka vidole vikaota sugu, halafu anaondoka akiwaza fungu la theluji! Nilimkasirikia. Mpaka leo namkasirikia, na huko aliko anajua.

Hapa kwetu Kiviranta, kaskazini kando ya ziwa, mtu akifa Machi hazikwi Machi. Ardhi imeganda, sururu inadunda. Marehemu anawekwa kwenye kijumba cha mawe pale makaburini, anasubiri udongo ulegee mwezi wa tano. Kwa hiyo Reino alikuwa anangoja theluji iyeyuke, risasi zake nazo zinangoja theluji iyeyuke, na mimi nimebaki jikoni natazamana na samaki mwenye pembe. Nianze na risasi. Samaki atafika, hana haraka, amekufa siku nyingi.

Wanaume wa huku wana ugonjwa. Dukani risasi zipo, za kila aina, lakini wao hawazitaki. Wanazunguka kwa mafundi wa matairi kuomba vile vipande vya madini vya kubalansia magurudumu, wanaviyeyusha kwenye sufuria nyuma ya nyumba, wanamimina kwenye kalibu, wanatoa risasi moja moja kama mtu anayeng'oa meno. Ukiwauliza kwa nini, wanakutazama kama umeuliza kwa nini watu wanasali.

Reino wangu ndiye alikuwa mgonjwa mahututi. Alistaafu kuendesha gari la kusukuma theluji la wilaya, akaja nyumbani na muda wote huo mikononi. Bunduki aliyokuwa nayo aliachiwa na baba yake, na baba yake naye aliitumia vibaya. Mtutu ulikuwa umelika kwa ndani. Risasi zake za madini matupu zilikuwa zinasugulika humo, zinaacha utando kwenye chuma, na baada ya milio michache zinatawanyika kwenye karatasi ya shabaha kama mtu kamwagia kuku mahindi.

“Hiyo si bunduki, bwana,” Clayton alikuwa anamwambia. “Hiyo ni fimbo ya kufukuzia ng'ombe. Itumie kwa kazi yake.”

Huyo Clayton Trevarrow ni jirani yetu, rafiki wa Reino tangu darasa la kwanza, shemeji yangu kwa mdomo ingawa si kwa damu. Yeye risasi zake anazipaka nta ya nyuki na mafuta, kama babu yake alivyofanya, na zinakwenda anakotaka. Mtu mzuri, lakini ana kasoro moja kubwa: hasemi uongo. Siku ya harusi yangu alinifuata akaniambia keki imekauka. Mchungaji akimaliza kuhubiri, Clayton anampa mkono mlangoni na kumwambia, “Leo umerefusha.” Ukimwuliza kama nguo imekukaa vizuri, umejitakia mwenyewe.

Basi, siku moja Reino akasikia habari za rangi ya unga. Ni ile rangi ya kupakia baiskeli na vitanda vya chuma, inakuja kavu kama unga wa dengu. Unatia risasi kwenye kopo la plastiki, unatia unga, unatikisa mpaka unga uzigande, unazipanga kwenye sinia na kuzioka. Rangi inayeyuka, inazivisha kama ngozi. Eti sasa madini hayagusi chuma, mtutu unabaki safi, na risasi imenenepa kidogo, inaukaa vizuri ule mtutu uliolika. Akanieleza haya yote nikiwa nimelala, macho nimefumba, nakoroma kwa makusudi.

Kesho yake nikaingia jikoni kutia oveni mkate wangu wa iliki, nisu, nimekwisha kuusuka vizuri kama nywele za bibi harusi. Nikakuta harufu ya kiwanda.

“Reino! Nini hiki kwenye oveni yangu?”

“Usifungue mlango! Zinaiva.”

“Zinaiva? Ni maandazi?”

“Kidogo tu, mke wangu. Nikizitoa sasa rangi itabanduka.”

“Usipozitoa sasa utabanduka wewe.”

Akazitoa, ananung'unika. Nisu ya siku hiyo tuliwapa kuku wa jirani, na wao hawakuimaliza. Nikamtafutia oveni ndogo kuukuu, nikaipeleka bandani pamoja na yeye mwenyewe.

Kiangazi chote alihangaika mle. Huku kwetu kiangazi kina unyevu wa ziwa, na unga ukipata unyevu hauishiki risasi, unafanya madonge. Mara zinatoka na mabaka kama ndama. Mara zimegandana kwenye sinia, inabidi azitenganishe kwa nyundo. Mara rangi imezidi unene, haziingii kwenye bunduki. Alishinda na lile kopo mapajani hata wakati wa taarifa ya habari, chaka chaka chaka, mtangazaji anasema vita, chaka chaka, anasema mafuriko, chaka chaka. Nilikuwa sijui nimtupe yeye au kopo.

Halafu baridi ikaingia. Baridi ya Januari huku inakausha hewa mpaka ukivua sweta nywele zinasimama na cheche zinaruka. Reino akatikisa kopo lake, akafungua, akapiga kelele nikadhani kajiunguza. Unga ulikuwa umezishika zote, sawasawa, hakuna baka. Kumbe ilikuwa hewa! Mwaka mzima tunagombana, kumbe hewa. Akazioka, zikatoka laini zinang'aa kama pipi, nyingine nyekundu, nyingine za kijani, nyingine za njano, maana alikuwa na makopo matatu ya rangi. Na wale wazee wa klabu yao ya shabaha, watu wenye wajukuu, walikuwa wanabishana kweli kweli ni rangi ipi inayolenga zaidi.

Siku iliyofuata akachukua moja ya kila rangi, akaenda uwanja wa shabaha na Clayton. Alikuwa na mafua, pua inachuruzika, nikamwambia abaki, hakubaki. Sikio la kufa halisikii dawa.

Habari ya huko nimeisikia kwao wote wawili, kila mmoja na yake, kwa hiyo nawapa zote. Reino alikaa mezani, akapiga nyekundu, akapiga ya kijani, akapiga ya njano. Clayton alikuwa na darubini. Walipokwenda kuangalia karatasi, ilikuwa na tundu moja. Moja tu, karibu na kati, na halikuwa la mviringo sawasawa, lilikuwa limerefuka kidogo.

“Tatu tundu moja!” Reino akaruka kwenye theluji na mafua yake.

“Tundu la ufunguo,” akasema Clayton.

Mpigaji wa huku ukimwambia hivyo umemtukania mama. Maana yake risasi imekwenda inabingirika, imeingia kwenye karatasi ubavu, ndiyo maana tundu refu. Na zile nyingine mbili hazikugusa hata karatasi.

“Zilikwenda wapi sasa hizo mbili?” Reino akauliza. “Kanisani?”

“Mimi nimesikia milio mitatu, nimeona tundu moja. Zaidi ya hapo sina la kusema.”

Reino akalikata lile tundu kwa kisu, akalitia kwenye pochi. Hiyo ni kawaida yao. Kila mwanamume wa klabu ana kipande cha karatasi kwenye pochi, shabaha yake bora ya maisha, mahali ambapo watu wenye akili wanaweka picha ya mke. Picha yangu mimi ilikuwa nyuma ya leseni.

Sasa, nyuma ya zile fremu za shabaha kuna ukuta wa theluji mrefu kama nyumba, Reino mwenyewe ndiye anausukuma pale kila mwaka. Risasi ikiingia kwenye theluji haivunjiki, inapunguza mwendo na kulala humo. Majira ya kuchipua theluji ikiisha, wazee wanakwenda na ndoo, wanaokota madini yao kwenye tope, wanayeyusha tena. Kwa hiyo Reino akawaambia wote: zipo mle. Nyekundu, kijani, njano, nyuma ya fremu yangu. Hakuna mwingine hapa mwenye risasi za rangi. Ifungeni njia hii ya shabaha mtu asipige, theluji ikiyeyuka mtaona. Mwenyekiti Duane Paquette, ambaye pia ni mkuu wa zimamoto na anapenda kufunga vitu, akafungia kamba ya njano pale, na ubao: MARUFUKU.

Sasa samaki. Kila Februari klabu inakula chakula cha usiku kwenye ukumbi wa zimamoto, pasti, yaani mikate iliyojazwa nyama na viazi, kila mtu moja kubwa kama kiatu, na baada ya hapo wanapiga kura ya mwongo wa mwaka. Zawadi ni samaki wa trauti aliyekaushwa, kagongomewa kwenye ubao, na kichwani katiwa vipembe vya kulungu mchanga. Mwongo anakwaruza jina lake kwenye ubao kwa msumari, anamtundika samaki jikoni kwake mwaka mzima. Watu wanampigania. Reino alishampata zamani, kwa habari ya dubu aliyemfungulia mlango wa gari, akatembea kifua mbele mpaka kiangazi. Clayton hajawahi kumpata, na kila mtu anajua hatampata.

Mwaka huu Reino akatoa pochi, akazungusha kile kipande meza nzima. Duane akainuka, akafuta mdomo. “Jamani, njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ni fupi mpaka haipo. Wanaomchagua Reino?”

Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Clayton.

Watu walicheka, wakapiga meza, samaki akaletwa. Reino alisimama na yule samaki mikononi, hakucheka. “Mwaka ule nilidanganya,” akasema, “mkanipa kwa haki yangu. Leo mnanipa kwa kuniibia.” Akakwaruza jina lake kwa nguvu mpaka msumari ukapinda, tukaondoka hata kahawa hatukunywa.

Ndani ya gari akaniuliza, “Wewe unaniamini?”

“Sijui, Reino. Sikuwepo.”

Alitaka ndiyo. Mimi ndiyo siigawi hovyo. Lakini nilimwona alivyokaza taya mpaka nyumbani, na moyo uliniuma, nasema kweli.

Tangu hapo hakusema na Clayton. Mzee mzima! Kanisani mmoja kulia, mmoja kushoto. Reino alikuwa anatusafishia barabara wote mtaani kwa gari lake, bure, na sasa akifika kwenye lango la Clayton anainua sepetu la gari na kumwachia tuta la theluji hadi kiunoni. Clayton anatoka na koleo, anachimba. Kesho tuta jingine.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya sauna. Nilipiga simu kwa Clayton kabla ya daktari, sijui kwa nini, vidole vyenyewe vilikwenda. Akaja mbio ndani ya gambuti na pajama, akaruka tuta lake. Ilibidi tumvalishe Reino suruali kabla watu hawajafika, na maiti iliyotoka sauna inateleza, Mungu anisamehe, tulimwangusha mara moja. Clayton alikuwa analia na kumfokea hapo hapo.

“Inua mguu basi! Inua mguu, we mzee mwongo!”

“Usimwite mwongo ndani ya sauna yangu!”

“Samahani, shemeji.”

“Vuta upande huo.”

Tukamvalisha.

Wiki ile ile Duane akaja na bakuli la tambi kutoka kwa mkewe na sura ya msiba. Akakaa, akala nisu yangu, macho yanakwenda ukutani kwa samaki. Nikajua ana neno.

“Lempi, klabu tumekaa. Hajawahi kutokea mtu kufa akiwa na samaki. Tumeona ni heshima kubwa. Siku ya mazishi tutamleta kanisani, tumweke karibu na jeneza, halafu atundikwe ukumbini daima. Jina la Reino tutaliandika kwa shaba. Mwongo wa Milele.”

“Duane.”

“Naam.”

“Mume wangu hataingia kaburini na cheo hicho.”

“Ni utani, mama! Ni mapenzi!”

“Angekuwa alidanganya ningekuachia, ningekupa na picha. Yeye alisema hakudanganya. Alikufa akisema hivyo, nilikuwepo, nilikuwa nimeshika kata ya maji. Njia yake umeifunga?”

“Imefungwa. Kamba ipo.”

“Basi theluji ikiyeyuka twende tukatazame, kabla ya mazishi. Tukizikuta tatu nyuma ya fremu yake, unachukua kisu unalifuta jina lake. Tusipozikuta, mlete samaki wako kanisani, mimi mwenyewe nitambeba.”

Duane akamtazama samaki, akanitazama mimi. Nafikiri samaki alimtisha kidogo. “Haya,” akasema.

Sijawahi kulingojea jua kama mwaka huu. Kila asubuhi natoka kutazama paa. Na kila asubuhi nasema naye, Reino, ole wako zisiwepo. Ole wako uniaibishe mbele ya Duane. Nilitaka jina lake lifutwe kuliko nilivyotaka kulala, na sikuwa nalala. Kile kipande cha karatasi nilikuwa nimekitoa kwenye pochi, nakishika mbele ya dirisha, nachungulia kwenye tundu. Nilikuwa naona mti wa mpaina wa Clayton, basi.

Mazishi yakapangwa Jumamosi. Alhamisi tukaenda uwanjani watu watatu, Duane kama hakimu, Clayton kama shahidi, mimi na chekeche langu la unga. Ukuta wa theluji ulikuwa umebaki vipande vichafu tu, chini tope. Duane akafungua kamba yake taratibu kama anazindua daraja.

Tukapiga magoti. Baridi ya tope inapanda mpaka kwenye meno. Clayton anachimba kwa mkono, anatia kwenye chekeche, mimi natikisa. Chaka chaka chaka. Nikakumbuka kopo, nikafuta macho, nikasema ni vumbi, pale kwenye tope.

“Nyekundu,” akasema Clayton.

Ilikuwa mkononi mwake, pua imepinda kidogo, rangi inang'aa kama jana. Na pale pale alipoitoa, hata kidole hakikusogea, ya kijani.

Hata mimi nisiyejua bunduki nilielewa. Mbili zimelala kitanda kimoja nyuma ya tundu moja. Risasi inayobingirika hailali pamoja na mwenzake. Habari ya tundu la ufunguo ilikuwa imekufa, na Clayton alikuwa ameshika zile mbili kwenye kiganja.

“Mbili,” akasema Duane. “Makubwa haya. Lakini alisema tatu.”

Tukachimba. Tukachimba mpaka shimo likajaa maji. Tukasogea nyuma, tukasogea mbele. Kokoto, majani, mzizi. Ya njano hakuna. Duane alianza kuchungulia saa. Akasema anakwenda garini kuchukua kahawa, na nikamwona usoni kwamba akirudi atasema pole, na samaki atakwenda kanisani.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilikuwa nimemaliza. Ndipo nikamwona Clayton ameondoka pembeni yangu, anatembea kushoto, kule kwenye fremu ya mwisho, mbali na ya Reino, mahali ambapo risasi haifiki labda mpigaji awe amelewa. Anatembea macho chini. Akasimama. Akainama, akafunga kamba ya kiatu, akarudi mikono mfukoni.

Duane akarudi na chupa ya kahawa. Clayton akapiga magoti kwenye shimo letu, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

“Hii hapa!” akapiga kelele, sauti imemkauka. “Njano! Ilikuwa chini yao, imezama! Tatu, Duane! Tatu tundu moja!”

Duane akamwaga kahawa. Unajua kwa nini aliamini papo hapo, bila kuuliza swali hata moja? Kwa sababu aliyesema ni Clayton Trevarrow. Akanikumbatia na tope langu, akalia kama mtoto, akasema klabu imemkosea Reino. Tukarudi nyumbani, akatoa kisu, akalifuta jina ubaoni mpaka mbao ikawa nyeupe.

Mimi nilikuwa natazama miguu ya Clayton. Alikuwa amevaa gambuti. Gambuti hazina kamba.

Tukamzika Reino Jumamosi, jua likiwaka, udongo laini. Nilimwomba mwenye makaburi afungue jeneza kidogo, nikamtia kile kipande cha karatasi mfukoni. Mchungaji alihubiri vizuri, na Clayton mlangoni akampa mkono akamwambia, “Leo umefupisha mno.”

Watu walipomaliza kahawa na kutawanyika, nikamtoa samaki ukutani, nikamweka kiti cha mbele cha gari, nikaenda kwa Clayton. Alikuwa jikoni, tai bado shingoni. Nikamlaza samaki mezani katikati yetu.

“Shemeji,” nikasema, “gambuti zina kamba siku hizi?”

Akainua kikombe chake, hakina kitu.

“Uliniona.”

“Nilikuona.”

“Utamwambia Duane?”

“Niambie mimi kwanza.”

Akalegeza tai. “Alipiga chafya, Lempi. Ile ya tatu, kidole kishavuta, akapiga chafya. Nilimsikia, nilimwona mtutu umeruka kushoto. Yeye mwenyewe hakujua, mafua yamemziba masikio na macho, na akishaliona lile tundu hakutaka kujua. Aliamini tatu. Kwa moyo wake wote aliamini tatu.”

“Na wewe ulijua ni mbili.”

“Tangu siku ile. Tundu la ufunguo lina kingo zilizochanika. Lile lilikuwa safi.”

“Ukasema uongo. Wewe!”

“Nikasema uongo.”

“Kwa nini, Clayton? Alikuwa anaumwa na jambo lile! Mlikaa majira yote ya baridi kama paka wawili!”

Alikuwa anazungusha kikombe kitupu. “Maisha yangu yote nimepiga, shemeji. Kwa nta ya babu yangu, kwa bunduki nzuri kuliko yake. Sijawahi kuweka mbili tundu moja. Hata siku moja. Halafu anakuja yeye na fimbo ya ng'ombe na rangi ya baiskeli. Ningesema chafya, ningelazimika kusema na zile mbili. Nikaona wivu. Nikajiambia nitamwambia. Ana haki ya kuambiwa. Mbili zilitosha, mbili ni ajabu, nitamwambia.” Akakiweka kikombe. “Na mimi nilikuwa nangoja theluji iyeyuke.”

Nililia. Sikusingizia vumbi. Nililia kwa hasira na kila kitu kingine, nikampiga yule mzee begani kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu, akaipokea. Halafu nikamsukumia samaki.

“Samaki umempata kwa haki. Uongo mara mbili mwaka mmoja, hakuna mwingine aliyewahi. Msumari uko wapi?”

Akainuka, akaleta msumari na nyundo. Alilikwaruza jina lake pale kwenye sehemu nyeupe iliyofutwa, herufi kubwa kubwa, kisha akamtundika samaki juu ya sinki na kurudi nyuma kumtazama. Sura ya mtu aliyepewa medali, walahi.

Nikaenda garini nikaleta kapu. Nilikuwa nimelifunga tangu asubuhi: ile oveni kuukuu, makopo matatu ya rangi, na kopo la plastiki lenye mikwaruzo. Nilitaka kuondoa takataka nyumbani kwangu, hilo ndilo nililomwambia. Akalichukua kopo, akalifungua, akanusa ndani.

“Alikuwa anatikisa kwa muda gani?” akauliza.

“Mpaka taarifa ya habari iishe,” nikamwambia. “Na ngoja baridi. Kiangazi rangi haishiki.”